Plagi za Bibi

Jumamosi ile Bibi alikwenda sokoni Darajani kununua ukwaju na sukari, akaniachia nyumba na agizo moja: "Umeme ukianza kucheza, chomoa." Nilimjibu ndiyo bila ya kuinua macho kwenye kompyuta.

Agizo hilo nimelisikia tangu utotoni. Katika fleti yetu ya Michenzani, Bibi hachomeki kitu mpaka akihitaji, na akishamaliza anachomoa. Usiku hupita chumba hadi chumba akipapasa ukutani gizani, plagi moja baada ya nyengine. Nilipoanza chuo nilimwambia kwamba vifaa vya siku hizi vina ulinzi wake ndani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuchomoa televisheni.

Saa nne asubuhi feni ilianza kuzunguka kwa uchovu, ungeweza kuhesabu mapanga yake. Umeme ulikuwa mdogo. Taa ya ukumbini ikawa rangi ya chungwa bovu. Kompyuta yangu ilikuwa na chaji, nami nilikuwa na kazi ya kuwasilisha, hivyo nikaendelea kuandika. Baada ya kama nusu saa umeme ulirudi, na ulirudi kwa kishindo. Taa iliwaka nyeupe kupita kiasi, ikapasuka. Televisheni ilitoa mlio mdogo na harufu ya kuungua. Rauta ikazima taa zake zote. Nikakimbia kuchomoa, lakini nilikuwa nachomoa maiti.

Friza ndiyo niliyoikumbuka mwisho. Niliweka mkono ubavuni mwake nikisubiri ule mtetemo wake wa siku zote. Haukuwepo. Ndani mlikuwa na malai za ukwaju na za ubuyu ambazo Bibi angeziuza skuli Jumatatu.

Bibi aliporudi hakunigombeza. Alifungua friza, akafunga haraka ili baridi isitoke, akaketi juu ya kiti cha jikoni. Kisha akasema, "Sasa imekuwa mara ya tatu." Nilifikiri anahesabu makosa yangu. Alikuwa anahesabu tangu mwaka 2008.

Ili kuielewa hesabu hiyo lazima uanzie baharini. Zamani Unguja ilizalisha umeme wake yenyewe, kwa mitambo ya dizeli pale Mtoni. Mwaka 1980 ukalazwa waya chini ya bahari, karibu kilomita 40, kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Ras Fumba upande wetu. Ulikuwa na uwezo wa megawati 45. Umeme wa mabwawa ya Bara ukavuka mkondo na kuwasha feni za Ng'ambo, na mitambo ya Mtoni ikaachwa izeeke. Kwa kisiwa ambacho tayari kilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara walisubiri televisheni yao hadi miaka ya 1990, ilionekana jambo la kawaida tu: maendeleo mengine yamefika. Nyumba ziliongezeka, hoteli zikaongezeka, friji zikaongezeka. Waya ulibaki mmoja.

Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 Unguja nzima ilizimika, na ikakaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Wakati huo Bibi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kulipa friza yake ya kwanza kwa fedha za upatu. Ilinusurika. Aliifuta, akaiacha mlango wazi isije ikanuka, na umeme uliporudi mwezi Juni akaanza upya.

Mara ya pili ilikuwa Desemba 2009. Waya ulipata hitilafu tena, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Hiyo ni miezi ya kaskazi, jua kali na upepo wa moto, miezi ambayo muuza malai huitegemea kwa mwaka mzima. Bila ya umeme pampu hazikusukuma maji, kwa hiyo watu walipanga foleni za ndoo visimani. Wenye uwezo walinunua majenereta, na vichochoro vikajaa moshi na kelele. Wasio na uwezo walirudia vibatari. Bibi alisubiri wiki tatu, kisha akaiuza friza yake kwa bei ya hasara kwa mtu aliyeisafirisha kwenda Dar es Salaam, ambako umeme ulikuwepo. Hii ninayoizungumzia, iliyokufa mikononi mwangu, aliinunua miaka mitano baadaye. Upatu mwengine.

Mambo haya yote nimeyajua siku zote, kama mtu anavyojua jina la mtaa wake. Waya mpya wa megawati 100 uliwekwa mwaka 2013, na mimi ni mtoto wa waya huo mpya. Nikidhani giza lile ni hadithi iliyokwisha. Sikujua kwamba Bibi anaendelea kuiandika kila usiku kwa vidole vyake, ukutani.

Alasiri nilimwita fundi. Alimwamkia Bibi, akakataa chai, akafungua televisheni kwanza. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba kama mandazi. "Hii inapona," akasema. Rauta akaisukuma pembeni bila ya kuifungua. Kwenye friza alikaa muda mrefu na kipimo chake.

"Watu wanaogopa umeme mkubwa," aliniambia, "lakini friza inauliwa na umeme mdogo. Inataka volti 230. Ukiipa pungufu, mota inashindwa kuzunguka, basi inavuta umeme mwingi zaidi ili izunguke, na umeme wote ule unageuka joto. Inajipika yenyewe. Ule mshindo wa mwisho umeikuta imeshakufa."

Kwa hiyo ile nusu saa ya feni kuchoka, nilipokuwa naandika kwa utulivu, ndiyo iliyomaliza kazi. Kompresa mpya, alisema, ingegharimu zaidi ya nusu ya bei ya friza nyengine. Bibi aliuliza kama anapokea kwa mafungu. Fundi akatazama chini, akasema, "Kwako wewe, bi mkubwa, tutazungumza."

Nilitaka kusema kwamba nitalipa mimi. Sina kazi, nina kazi ya chuo tu, ambayo nayo sikuiwasilisha kwa sababu rauta ilikufa. Nikanyamaza.

Kabla ya magharibi Bibi alitoa malai zote, akazipanga kwenye sinia, akaniambia nizishushe chini kwa watoto kabla hazijayeyuka. Nikashuka ngazi. Walikuja mbio kutoka kila upande wa jengo, wakanizunguka wakinyoosha mikono, na papo hapo nikaikumbuka siku nyengine.

Nilikuwa na miaka tisa, Desemba 2009, asubuhi ya pili ya giza. Bibi alisimama mahali pale pale na sinia kama hili, akigawa bure. Sote tulikula mpaka midomo ikawa myekundu kwa ubuyu, na kwa miaka mingi, mtu akitaja lile giza la miezi mitatu, hicho ndicho nilichokumbuka kwanza: sikukuu. Nilikuwa nikisimulia chuoni kama kichekesho. Sikuwahi kujiuliza sinia lile lilikuwa na thamani ya shilingi ngapi, wala kwa nini Bibi hakula hata moja.

Malai ziliisha kwa dakika tano. Mtoto mmoja wa ghorofa ya pili alibaki akilamba mfuko mtupu, akaniuliza kama kesho zitakuwepo tena.

Ndilo swali nililomuuliza Bibi mwaka ule. Alinipangusa mdomo kwa ncha ya kanga, akaniambia niende nikacheze.