Kazi Ndogo za Nyumbani: Historia ya Tiba kwa Kazi

Leo tutasoma historia ya ufundi mmoja wa hospitali. Zana za ufundi huu hazitishi mtu: ni kijiko, kifungo cha shati, ndoo ya maji, jembe na sindano ya kushonea. Jina lake ni tiba kwa kazi.

Kwanza tuelewane juu ya neno "kazi". Hapa halina maana ya kazi ya mshahara tu. Kazi ni kila jambo ambalo mtu mzima hulifanya kwa mikono na akili yake tangu alfajiri hata usiku: kuamka, kunawa, kuvaa, kula, kwenda chooni, kupika, kulima, kuongea na jirani. Mtu akipatwa na kiharusi, au akivunjika nyonga, daktari huiokoa roho yake. Lakini akisharudi nyumbani, je, ataweza kuvaa shati lake mwenyewe? Hapo ndipo tiba kwa kazi inapoanza.

Basi shikeni swali hili moja mpaka mwisho wa somo: Kumsaidia mgonjwa ni kumfanyia kila kitu, au ni kumwezesha afanye mwenyewe?

Zamani za kulala kitandani

Mwaka 1796, karibu na mji wa York huko Uingereza, mfanya biashara ya majani ya chai aitwaye William Tuke alifungua nyumba ya wagonjwa wa akili. Tuke alikuwa wa dhehebu la Marafiki, ambalo wengi wetu twalijua kwa makanisa yake ya magharibi ya Kenya. Siku hizo wagonjwa wa akili walifungwa minyororo mahali pengi. Katika nyumba ya Tuke walipewa bustani, mifugo midogo, vitambaa vya kushona na heshima. Ikaonekana kuwa mtu mwenye kazi mkononi hutulia kuliko mtu aliyefungwa.

Lakini fikira hiyo haikuenea upesi. Katika miaka ya 1870, daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia, Marekani, alipata sifa kwa dawa iliyo kinyume chake, yaani mapumziko. Wagonjwa wake, wengi wao wanawake, walilazwa kitandani majuma 6 hata 8. Hawakuruhusiwa kushona, kusoma wala kuandika, na mwanzoni hata chakula walilishwa na muuguzi. Mwandishi mmoja, Charlotte Perkins Gilman, alitibiwa naye mwaka 1887. Baadaye alieleza kuwa mapumziko hayo nusura yamtie wazimu, na kwamba alianza kupata nguvu aliporudia kazi yake.

Mgonjwa aliyejitibu kwa patasi na jembe

Sasa tumtazame mtu ambaye habari zake zafaa kukumbukwa. George Edward Barton alikuwa mchoraji wa ramani za majengo huko Marekani. Alikwisha kuugua kifua kikuu. Kisha mwaka 1912, akiwa safarini wakati wa baridi kali, mguu wake wa kushoto uliganda kwa baridi. Nyama ikaoza, vidole 2 vikakatwa. Baada ya hapo upande wake wote wa kushoto ukapooza.

Barton alipelekwa kutibiwa katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na mkono wa kushoto haumtii. Hakuridhika kukaa kitini akingojea. Alianza kusoma habari za mwili, na kujizoeza kwa vyombo vya useremala na kazi za bustani, mpaka viungo vikaanza kurudi. Machi 1914 akafungua nyumba papo hapo mjini, akaiita Nyumba ya Faraja. Humo wagonjwa waliotoka hospitali walifundishwa kufanya kazi tena kwa viungo walivyobakiwa navyo.

Tia moyoni jambo hili, msikilizaji. Katika waanzilishi wa ufundi huu alikuwamo mgonjwa aliyejijaribu mwenyewe.

Machi 1917 watu 6 walikutana katika Nyumba ya Faraja, wakaanzisha chama cha kueneza tiba kwa kazi. Walikuwapo Barton, karani wake Isabel Newton, ambaye baadaye alikuwa mkewe, William Rush Dunton, daktari wa wagonjwa wa akili, Susan Cox Johnson, mwalimu wa kazi za mikono, Thomas Kidner, aliyeshughulikia askari walemavu wa Kanada, na Eleanor Clarke Slagle.

Bibi Slagle aliwaona wagonjwa wa akili waliokaa hospitali miaka mingi bila shughuli hata wakasahau kunawa. Akabuni mafunzo ya mazoea. Mgonjwa aliamshwa kwa saa maalumu, akafundishwa kunawa, kuchana nywele, kuvaa, kula mezani, kisha kazi, kisha mchezo, kisha kulala. Siku nzima ilikuwa darasa. Yeye alisema kwa vitendo kwamba mazoea yaliyovunjika yaweza kujengwa upya, kama ukuta, tofali moja baada ya jingine.

Vita viwili

Majuma machache baada ya mkutano ule, Aprili 1917, Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanawake wakafundishwa upesi upesi, na mwaka 1918 baadhi yao wakapelekwa Ufaransa kuwahudumia askari waliojeruhiwa mwili na roho. Walifanya kazi nao kando ya vitanda, kwa mbao, nyuzi na rangi.

Huko Uingereza, daktari Elizabeth Casson alikuwa ameona jambo katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kila siku wagonjwa walikaa wamenyamaza. Asubuhi moja alikuta chumba kimechangamka. Kulikoni? Wauguzi walikuwa wameleta karatasi za rangi na matawi makavu, na wagonjwa walikuwa wakitengeneza maua ya Krismasi. Hakuna aliyewapa dawa mpya. Walipewa kazi yenye maana. Casson hakulisahau jambo hilo, na mwaka 1930 alifungua mjini Bristol shule ya kwanza ya tiba kwa kazi katika Uingereza.

Kisha vikaja Vita vya Pili, 1939 hadi 1945. Hapo pana badiliko kubwa. Katika vita vya kwanza, askari aliyevunjika uti wa mgongo aghalabu alikufa muda si mrefu kwa vidonda na magonjwa ya mkojo. Katika vita vya pili zilikuwapo dawa mpya, kama penisilini, na uuguzi bora. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kuwatunza askari wa namna hiyo huko Stoke Mandeville, Uingereza, nao wakaishi. Lakini mtu akiishi hana budi kuamka, kuvaa na kula. Kusuka vikapu hospitalini hakukutosha tena. Ikabidi waalimu wa tiba kwa kazi wamfuate mtu kwa mawazo mpaka nyumbani kwake: mlango wake una upana gani? Choo kiko wapi? Nani anapika?

Mwishoni mwa miaka ya 1940, Lillian Gilbreth wa Marekani, mtaalamu wa mipango ya kazi na mama wa watoto 12, alisaidia kutengeneza jiko la mfano kwa wanawake wenye ugonjwa wa moyo. Vyombo viliwekwa mahali mkono unapofika bila kuinama wala kunyanyuka, na mpishi aliweza kufanya kazi ameketi. Tazama, mama yule hakuambiwa, "Acha kupika." Jiko ndilo lililobadilishwa limfuate.

Mambo sita

Mwaka 1963 daktari Sidney Katz na wenzake wa Cleveland, Marekani, walitoa orodha fupi ya kupimia uwezo wa mtu. Walikuwa wamewachunguza wazee wengi, na baadhi yao walikuwa wamevunjika nyonga. Orodha ina mambo 6: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hata kitini, kuzuia haja, na kula.

Waliona pia kwamba mambo hayo hurudi kwa utaratibu. Kwanza hurudi kula na kuzuia haja. Kisha kuhama na kwenda chooni. Mwisho kabisa kuvaa na kuoga. Utaratibu huu wafanana na ukuaji wa mtoto, ambaye hujua kupeleka chakula kinywani kabla ya kujua kuoga peke yake. Faida ya kujua hivi ni nini? Ni subira. Mgonjwa wako akishindwa kuoga mwezi wa kwanza, usikate tamaa. Anza na kijiko.

Habari zinafika kwetu

Mwaka 1952 vyama vya nchi 10, zikiwamo India na Afrika Kusini, viliungana kufanya shirikisho la dunia la tiba kwa kazi. Kenya ilianza kufundisha watu wake kazi hii mjini Nairobi mwaka 1968. Tanzania ina shule yake Moshi, penye hospitali ya KCMC. Lakini wataalamu hawa hawatoshi kufika kila kijiji. Kwa hiyo mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kuwafundisha jamaa na wanakijiji jinsi ya kumzoeza mlemavu huko huko nyumbani.

Ndiyo kusema, ndugu msikilizaji, sehemu ya kazi hii ni yako.

Tuseme baba yako amepatwa na kiharusi, na mkono wa kuume haushiki. Watoto mnampenda. Mmoja anamlisha, mwingine anamvika, wa tatu anamwogesha. Majirani wanasema, "Mzee huyu ana bahati, watoto wake wana adabu." Na ni kweli. Lakini kidogo kidogo hata mkono mzima unazoea kukaa bure, na mzee anageuka mgeni katika nyumba aliyoijenga. Upendo wenu umemnyang'anya kazi zake. Basi fanyeni hivi:

Shati. Aketi mahali imara. Mkono dhaifu uingie kwanza, mpandishe shati mpaka begani, kisha alizungushe mgongoni, mkono mzima uingie mwisho. Wakati wa kuvua, mkono mzima utangulie kutoka.

Kijiko. Kama mkono dhaifu waweza kushika kidogo, zungusheni kitambaa au mpira wa baiskeli kwenye mpini uwe mnene. Chini ya sahani wekeni kitambaa kibichi isiteleze. Lakini akipaliwa kila anapokunywa maji, mpelekeni kwa mganga wa hospitali kwanza.

Kukata viazi au vitunguu kwa mkono mmoja. Pigilieni misumari 2 safi isiyo na kutu katika ubao, ncha zielekee juu. Kiazi kikichomekwa hapo hakikimbii kisu. Ubao huo uwekwe mbali na watoto.

Choo cha shimo. Seremala aweza kutengeneza kiti imara chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo. Chimbieni nguzo au pigilieni mti ukutani apate pa kushika.

Jiko. Mafiga yakiinuliwa juu ya jukwaa la udongo, mama aliye dhaifu atapika ameketi, bila kuinamia moto.

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi, lakini yanahitaji kitu kigumu kupatikana, nacho ni saa. Mzee atachukua nusu saa kuvaa shati ambalo wewe ungemvika kwa dakika 2. Mikono yako itawasha kutaka kumaliza. Izuie. Kaa karibu asianguke, msaidie pale anaposhindwa tu, na kesho msaidie pungufu kidogo kuliko leo. Tena umwulize yeye mwenyewe ni kazi gani anayoitamani zaidi. Labda si shati. Labda ni kumwagia miche yake maji. Mwanzo wa dawa uko hapo.

Na wapo ambao viungo vyao havitarudi kamwe. Hao nao hawana budi kuachiwa sauti yao. Asiyeweza kuchinja kuku aweza kusema achinjwe yupi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Matibabu ya mapumziko ya daktari Mitchell yalikuwa na kosa gani? Je, twafanya kosa kama hilo majumbani mwetu?

2. Kwa nini dawa mpya za Vita vya Pili ziliongeza haja ya tiba kwa kazi?

3. Yatajeni mambo 6 ya daktari Katz. Mgonjwa unayemjua anaweza yapi peke yake? Anaweza yapi akisaidiwa kidogo?

4. Tazameni choo na jiko la nyumba moja ya jirani. Mtu wa mkono mmoja angeshindwa wapi? Mngerekebisha nini kwa vitu vilivyopo kijijini?

Kabla ya somo lijalo, jaribu jambo moja nyumbani. Funga mkono wako wa kuume kwa kitambaa kwa muda wa saa moja, kisha vaa shati lako, ule chakula chako. Kaa mbali na moto na kisu. Andika katika daftari yale uliyoyaona, uyasome mbele ya wenzako.

Kwa herini, ndugu wasikilizaji. Someni kwa bidii.