Kutoka Kivukoni Hadi Shimoni Kariakoo

Wageni wengi wanaofika Dar es Salaam huonyeshwa bahari tu. Hupelekwa Kivukoni wakapiga picha na meli, hula samaki, kisha hupandishwa boti ya Unguja wakaondoka wakisema mji wameuona. Mimi ni mzaliwa wa Gerezani, mtoto wa fundi wa reli, na nimefundisha historia katika shule za msingi za Ilala mpaka nikastaafu. Wageni wanaofikia kwetu, wawe mashemeji kutoka Mwanza au watoto wa ndugu zetu waliohamia Muscat, nawatembeza kwa njia moja ninayoiamini: tunaanzia Feri alfajiri, tunamalizia sokoni Kariakoo jioni. Ni mwendo wa kilometa tatu na ushee, wote ndani ya Ilala, na kadiri unavyoiacha bahari nyuma ndivyo miaka inavyosogea mbele. Ninachotaka mgeni aondoke nacho ni hiki: ukingo wa bahari ulijengwa na watawala kwa ajili yao, lakini raha ya mji huu ilitengenezwa na watu waliosukumwa nyuma ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Asiyevuka Mnazi Mmoja hajafika Dar es Salaam.

Uwe Feri saa kumi na mbili asubuhi, mnada wa samaki ukiwa umechangamka. Vaa viatu visivyoogopa maji. Dalali anasimama juu ya fungu la changu au kibua, anataja bei, wanunuzi wanapandisha kwa ishara ya kidole au kichwa, na kabla hujaelewa nani kashinda fungu limeshazolewa. Kina mama wanaokaanga wananunua kwa jumla, na baada ya muda mfupi samaki yuleyule yuko kwenye karai. Kula hapo hapo, kwa ndimu na pilipili. Jengo la soko hili ni la mwaka 2002, lakini kazi yenyewe ni kongwe kuliko mji. Kabla ya sultani na kabla ya Mjerumani palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, makao ya Washomvi na Wazaramo. Mvuvi anayevuta ngalawa mchangani leo anafanya kazi iliyokuwepo kabla ya jiwe la kwanza la mji kuwekwa.

Kutoka hapo fuata barabara ya bandarini mpaka Boma la Kale. Sultan Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujijengea mji hapa katika miaka ya 1860, na Boma hili lilisimamishwa kati ya 1866 na 1867 ili kupokea wageni wake. Simama karibu na ukuta utaona vipande vya matumbawe vilivyoshikamanishwa kwa chokaa, na mlango wa nakshi kama ule wa Unguja. Majid alifariki mwaka 1870 na ndugu yake Barghash hakuwa na hamu na mji huu. Majumba yakaanza kuanguka. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Makanisa mawili unayoyaona upande huu, Azania Front la Walutheri na Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, yalikamilika mwaka 1902. Ingia kama hakuna ibada, kaa kwenye benchi upumzike, vioo vya rangi vya Mtakatifu Yosefu vinapendeza jua likiwa juu. Ila kumbuka kwamba wakati vioo hivyo vinawekwa, wenyeji wa Mzizima walikuwa wanaondolewa ufukweni.

Kwenye makutano ya barabara za Samora na Maktaba utakuta sanamu ya Askari. Mahali hapa Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliiondoa sanamu hiyo, na mwaka 1927 wakaweka askari Mwafrika wa shaba, bunduki mkononi, singe mbele. Watu hupiga picha wakaondoka. Nakuomba usogee usome maandishi yaliyo kwenye nguzo, ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Hayamtaji askari peke yake. Yanawataja pia wapagazi waliobeba chakula na risasi za jeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki, wapagazi waliofariki kwa njaa, kuhara na malaria ni makumi ya maelfu, wengi kuliko askari waliouawa kwa risasi. Wakumbuke, maana tutakutana nao tena mbele.

Ukiiacha sanamu unaingia Uhindini: mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi, Kisutu na vichochoro vyake. Nyumba za ghorofa mbili au tatu, duka chini, familia juu, na kwenye paji la jengo mara nyingi limeandikwa jina la aliyejenga na mwaka. Hapa ndipo pa kula bajia na kachori kwa chatini ya nazi, na anayependa tambuu atapata. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Familia nyingi za Kihindi zilihama nchi baada ya hapo. Zilizobaki ndizo zinazokuuzia bajia leo.

Sasa tumefika Mnazi Mmoja, na hapa huwa nasimama na mgeni wangu kwa muda mrefu. Ataona miti, uwazi, mnara wa Mashujaa, vijana wamekaa kwenye nyasi. Ataiona bustani kama bustani nyingine. Kumbe uwazi huu ulipangwa. Wajerumani, mwishoni mwa utawala wao, waliugawa mji katika kanda tatu, na Waingereza wakaukamilisha mpango huo katika miaka ya 1920. Kanda ya kwanza ilikuwa Uzunguni, baharini, penye upepo. Ya pili Uhindini, penye biashara. Ya tatu, Uswahilini, ikapelekwa nyuma: Kariakoo, kisha Ilala. Sheria ya Waingereza haikutaja rangi ya mtu; ilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kila kanda, na nani angeweza kujenga nyumba ya namna gani lilikuwa jambo linalojulikana. Kati ya kanda ya pili na ya tatu wakaacha ukanda mtupu, kwa maelezo kwamba maradhi ya Waafrika yasiwavukie wengine. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja. Mpishi, dobi, tarishi na kuli walikatiza hapa kila alfajiri kwenda kazini na kila jioni kurudi, mpaka uwanja uliokusudiwa kutenganisha watu ukawa ndio wanapokutania.

Siasa nayo ikakulia pembezoni mwake. Ukumbi wa Arnautoglu, ambao bado upo ukingoni mwa uwanja, ulijengwa kwa fedha za George Arnautoglu, tajiri wa Kigiriki mwenye mashamba ya mkonge. Humo Aprili 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, Tanganyika African Association. Hatua chache kutoka hapo, Mtaa wa Lumumba, zamani ukiitwa New Street, palikuwa na ofisi ya chama hicho, nyumba ambayo wanachama wa kwanza, akina Kleist Sykes, waliijenga kwa kujitolea katika miaka ya 1930. Tarehe 7 Julai 1954 TANU, chama kilichopigania uhuru, ilizaliwa kwenye nyumba hiyo. Mgeni anayefuata historia ya uhuru wa nchi hii hana haja ya kwenda Ikulu kwanza. Aanze na mtaa huu, kisha aende kwenye barabara inayoitwa Bibi Titi Mohamed, aulize huyo bibi ni nani. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma. Akina mama waliomjua kwenye ngoma ndio alioanza nao, akawaingiza TANU kwa maelfu.

Ukishavuka Lumumba upo Kariakoo, na hapa wale wapagazi wanarudi. Wajerumani walikuwa wamejenga banda kubwa la soko kabla ya vita; Waingereza walipoingia wakaligeuza pamoja na eneo lake kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, na baada ya vita likawa soko. Tembea sasa ukisoma vibao vya mitaa. Narung'ombe. Mahiwa. Wapitaji wengi hudhani ni majina ya watu. Ni mahali kusini, huko Lindi, ambako vita vikali vilipiganwa mwaka 1917, Narung'ombe mwezi Julai na Mahiwa mwezi Oktoba. Leo juu ya Narung'ombe kuna maduka ya vitambaa, na wafanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka na Moroni wanafunga marobota yao hapo. Ni kumbukumbu ya vita iliyo wazi kuliko ile ya shaba kule mjini, na watu wanaikanyaga mchana kutwa bila kuambiwa.

Nyumba za zamani zilizobaki zinahesabika. Ukiiona moja, simama uitazame: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, kisima na choo. Kila chumba kilikuwa na mpangaji wake, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, waliojenga kwa fedha za vitumbua, pombe au urithi. Wapangaji walitoka kila kabila, wakashirikiana uani na barazani, wakaoana na kuzikana. Humo ndimo yalimotoka mambo tunayoyaita raha za Dar. Vikundi vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan vilianza hapa, vijana wakisikiliza santuri za Misri na kuzigeuza kuwa zao. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na watani wao waliokuja kuitwa Simba mwaka 1936. Hadi leo mmoja ana makao Jangwani na mwingine Mtaa wa Msimbazi, umbali ambao mzee wa mkongojo anaumudu. Siku ya mechi yao usipange shughuli nyingine. Tafuta baraza, kaa, sikiliza.

Sokoni kwenyewe fika kabla ya alasiri. Jengo lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 8 Desemba 1975, kazi ya Beda Amuli, mzaliwa wa Masasi, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo kabisa katika Afrika Mashariki. Alisomea Technion, chuo kilichoko Haifa, mji wa bandari wa pwani ya Mediterania. Aliporudi alijiuliza soko la watu wa joto na mvua linahitaji nini. Inua macho uone jibu lake: paa la zege lililofunguka kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, mikubwa, kila mmoja juu ya nguzo yake. Hewa moto inapanda na kutoka, upepo unapita pembeni bila feni, na maji ya mvua yanakusanywa na miavuli ile, yanashuka hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Chini ndiko shimoni, penye biashara ya jumla. Julai 2021 moto uliunguza jengo hili usiku, na wengi wetu tulilia. Likakarabatiwa, na kando yake likainuliwa jengo jipya.

Namna ya kutembea Kariakoo ni rahisi. Fedha weka mfuko wa mbele, simu usiitoe ovyo. Toa salamu kabla ya kuuliza bei, na ukikuta mtu mzima sema shikamoo. Bei yenyewe itakusikiliza. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ukisikia nyuma yako "Mzigo! Mzigo!", sogea upesi, anayekuja ana mkokoteni au gunia kichwani na hana nafasi ya kusimama. Mpe njia kwa heshima. Mji huu umebebwa na watu wa kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Jioni tafuta muuza kahawa mwenye birika la shaba juu ya jiko la mkaa; kikombe kidogo, kahawa chungu, kipande cha kashata. Kaa na wazee, watakueleza yaliyobaki.

Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo na zaidi ya watu 20 walikufa, wengi wao wafanyabiashara na wafanyakazi waliokuwa kwenye riziki zao. Tunajenga kwa haraka, tunabomoa kwa haraka zaidi, na nyumba ya vyumba sita inapoondoka hakuna anayeandika nani aliishi humo. Ilala ilipandishwa hadhi kuwa Jiji mwaka 2021. Jiji lina deni. Liweke kibao Narung'ombe kinachoeleza Narung'ombe ni wapi na nani alifia huko. Liweke kingine Mahiwa, na kingine Mnazi Mmoja kinachosema bila kuficha uwanja huu uliachwa kwa nini. Walimu wawalete watoto hapa kwa miguu, shule nyingi ziko karibu. Na wewe uliyekuja kutembea, bahari itakuwepo kesho. Leo vuka Mnazi Mmoja.