Kipimo cha Sukari: Kutoka Maabara Hadi Kiganjani

Leo tuongee kuhusu kile kimashine kidogo ambacho muuguzi hukitilia tone la damu ya kidole, kisha akasoma kiwango cha sukari.

Zamani, daktari aliyeshuku kisukari alionja mkojo wa mgonjwa. Usicheke! Mwaka 1674, Thomas Willis wa Uingereza aliandika kwamba mkojo huo ulikuwa mtamu kama asali. Karne ya 20 ilipoanza, mkojo ulichemshwa na dawa ya buluu ya Benedict. Ukigeuka kijani, manjano au rangi ya matofali, sukari ipo. Kazi hiyo ilihitaji moto, vyombo vya kioo na mtu aliyefunzwa.

Mwaka 1941 ikaja Clinitest huko Marekani, kidonge kilichochemka chenyewe. Mwaka 1956 Helen Free na mumewe Alfred wakaleta Clinistix, kijikaratasi cha kuchovya tu. Vijikaratasi vinavyochovywa kwenye mkojo wako kliniki ukiwa mjamzito ni wajukuu wake.

Lakini mkojo hutoa habari za saa zilizopita. Damu hutoa za sasa. Mashine ya kusoma kijikaratasi cha damu iliyoanza kuuzwa mwaka 1970 ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, tena iliuzwa kwa madaktari pekee. Richard Bernstein, mhandisi aliyeugua kisukari tangu utotoni, aliipata kwa jina la mkewe aliyekuwa daktari. Alijipima mara kadhaa kwa siku, akarekebisha insulini na chakula, akapata nafuu. Madaktari wengi hawakumsikiliza, basi akaenda kusomea udaktari, umri ukiwa umeshapita miaka 40! Mwaka 1987 kikatoka kipimo chenye ukubwa wa kalamu.

Sasa mama, mwangalie mtoto wako. Je, anakunywa maji mno, anakonda, au ameanza tena kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha? Akitapika au kupumua kwa kasi, watu hudhani ni malaria, kumbe sukari inapanda na inaweza kumuua. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, uombe apimwe sukari pia. Jibu halichukui hata dakika moja. Kwanza mwoshe mikono kwa sabuni na umkaushe, kwani maji ya embe yaliyobaki kidoleni huidanganya mashine.