Biti-maili

Biti-maili ni kipimo cha mzigo ambao mtandao wa intaneti huubeba kwa ajili ya trafiki inayopita kati yake na mtandao jirani: kiasi cha data huzidishwa kwa umbali ambao data hiyo imesafiri ndani ya mkongo wa mbebaji. Mwaka 2011 kampuni ya Marekani Level 3 ilikipigia debe kichukue nafasi ya uwiano wa trafiki.

Mitandao mikubwa imezoea kupokezana data bila kulipana, mradi kinachoingia na kinachotoka visipishane mno. Baadhi ya kampuni ziliweka kikomo cha 2 kwa 1. Sharti hilo lilikuwa na mantiki yake. Kwa kawaida ruta humkabidhi jirani data kwenye makutano ya karibu zaidi. Filamu ikitoka kwenye seva ya New York kwenda kwa mtazamaji wa Los Angeles, mtandao wa seva huiachia New York hukohuko, na wa mtazamaji ndio huivusha bara zima, karibu kilomita 4,000. Ombi la mtazamaji nalo hubebwa na mtandao wa seva kwa masafa hayohayo, ila ni jepesi mno. Apokeaye zaidi ndiye aumiaye.

Mambo hugeuka mtandao wa seva ukiibeba filamu wenyewe hadi Los Angeles. Uwiano haubadiliki hata chembe, ilhali gharama ya safari imehama. Mzozo wa uwiano ulizuka Novemba 2010: Level 3 ikijiandaa kusambaza filamu za Netflix, Comcast, kampuni ya intaneti ya majumbani, iliidai malipo kwa hoja kwamba ingeletewa trafiki mara 5 ya ile inayotoa. Kampuni hizo zilipatana Julai 2013, masharti hayakutangazwa.

Kupima kwenyewe ni kazi. Ruta huchukua sampuli za pakiti, kisha anwani zake huoanishwa na njia zilizopita. Kila mtandao huona njia zake tu, kwa hiyo hesabu ya jirani hupokewa kwa kuaminiana. Tena kilomita ya mkongo wa baharini hailingani kwa gharama na ya nchi kavu.

Wenye mitandao ya majumbani hulalamika kwamba kipimo hiki huthamini masafa na kusahau kipande kifupi cha mwisho, kinachogharimu zaidi kukichimbia hadi mlangoni. Ni kweli, ingawa kipande hicho mteja wao hukilipia kila mwezi.