Seli Shina na Tiba ya Moyo Uliojeruhiwa

Mshipa unaoulisha moyo ukiziba, sehemu ya msuli wake hukosa oksijeni na kufa. Moyo hauna uwezo wa kutosha wa kuotesha msuli mpya. Mahali pale hubaki kovu lisilodunda. Ndiyo maana baadhi ya walionusurika na mshtuko wa moyo huhema kwa kupanda ngazi chache tu.

Mwaka 2001 madaktari wa Düsseldorf, Ujerumani, walimwingizia mgonjwa, kupitia mshipa wa moyo, seli zilizotolewa katika uboho wake mwenyewe. Matumaini yalikuwa makubwa mno. Majaribio yaliyofuata yameleta matokeo hafifu, na mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka makala 31 za maabara ya Piero Anversa, aliyedai kuwa moyo una seli shina zake, zifutwe katika majarida. Tunayataja haya kwa sababu waamini hutuuliza kama wauze shamba wakaifuate tiba hiyo ng'ambo. Haijawa tiba ya kawaida. Anayeiuza kwa ahadi ya uponyaji wa hakika aepukwe.

Kimaadili, swali la kwanza ni chanzo cha seli. Hati *Dignitas Personae* ya mwaka 2008 inakubali seli za mtu mzima na za damu ya kitovu. Inakataa zile zipatikanazo kwa kuua kiinitete cha binadamu. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha, mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya ngozi yaweza kurejeshwa katika hali ya seli shina pasipo kugusa kiinitete. Mwaka 2020 madaktari wa Osaka walianza kupandikiza seli za aina hiyo kwenye moyo wa mgonjwa.