Machozi kwa Mtu Asiyekuwapo

Dada yangu alilia. Nami, msomaji mwenzangu, nisijifanye jabali: nililia pia, ila nikasingizia moshi wa jiko la mkaa.

Tulikuwa tunatazama Outlander, tamthilia ambayo kijana wa maktaba ya muvi mtaani kwetu alitujazia kwenye flashi huku akisema, "Braza, hii ukianza hulali." Kweli hatukulala. Claire, nesi wa Kiingereza wa mwaka 1945, anagusa jiwe la kale huko Uskoti, mara anajikuta yuko mwaka 1743. Anakutana na Jamie Fraser, kijana wa nyanda za juu, na mapenzi yanaanza. Lakini Claire anajua jambo ambalo wenzake hawalijui: miaka mitatu tu mbele yao vita vinawangoja pale Culloden, na watashindwa.

Kwetu sisi tunaojifunza kuandika, kisa cha kitabu chenyewe kinatia moyo. Diana Gabaldon, Mmarekani, alianza riwaya hiyo mwaka 1988 kama zoezi tu, ajipime kama anaweza. Uskoti alikuwa hajawahi kukanyaga. Wazo alilipata kwenye televisheni, alipoona kipindi cha zamani cha Doctor Who chenye kijana wa Kiskoti aliyevaa kilti, ile sketi ya kiume ya mirabaraba. Akajifungia na vitabu, akasoma. Riwaya ikatoka mwaka 1991, na mwaka 2014 ikawa tamthilia.

Haya, machozi yakakauka. Nikaanza kujiuliza: hivi Culloden ilikuwaje hasa?

Ilikuwa tarehe 16 Aprili 1746. Charles Edward Stuart, aliyekuwa akipigania kiti cha ufalme kirudi kwa ukoo wake, alikabiliana na jeshi la serikali chini ya Duke wa Cumberland, mwana wa Mfalme George II. Mapigano hayakumaliza hata saa moja. Watu wa Charles wapatao 1,500 waliuawa au kujeruhiwa; upande wa serikali waliokufa walikuwa kama 50. Tena usidhani ilikuwa Waskoti kwa Waingereza tu. Wapo Waskoti wengi waliopigania serikali. Charles mwenyewe alitoroka, akaja kufa Roma mwaka 1788. Waliobaki nyuma ndio waliolipa.

Walilipa hata kwa nguo zao. Sheria ya mwaka 1746, iliyoanza kuuma mwaka uliofuata, iliwakataza wanaume na wavulana wa nyanda za juu kuvaa mavazi yao ya asili, isipokuwa wakiwa askari wa mfalme. Kosa la kwanza, miezi 6 jela. La pili, kupelekwa ng'ambo miaka 7. Sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1782. Kumbe ile kilti ya Jamie, ambayo dada aliisifia mpaka nikachoka, kuna watu ilitosha kuwatenganisha na watoto wao!

Na lugha je? Katika msimu wa kwanza, watu wakiongea Kigaeli hakuna tafsiri chini ya skrini, maana Claire haelewi, na sisi tunasikia kwa masikio yake. Dada alikasirika: "Sasa mbona hawatafsiri?" Nilinyamaza. Nilimkumbuka bibi, mama yake mama, anavyoongea na majirani kwa kilugha chake, wanacheka, na mimi mjukuu nimekaa pembeni nikitabasamu kama mgeni. Pale kitabu kingehitaji maelezo. Televisheni ilituacha tu tuonje kutoelewa.

Pale uwanjani Culloden yapo mawe ya makaburi yaliyowekwa mwaka 1881. Hayana jina la mtu mmoja mmoja, yana majina ya koo tu. Moja limeandikwa Fraser. Tamthilia ilipovuma, wapenzi wa Jamie walimiminika pale kwa wingi, wakakanyaga ardhi mpaka wahifadhi wakalazimika kuweka uzio. Walikuja kumlilia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, wakiwa wamesimama juu ya waliozaliwa na kufa kweli.

Tuwacheke? Mimi siwezi, maana nami nililia. Na bila Jamie wengi wao wasingefika pale kabisa, wala mimi nisingejua habari ya ile sheria ya nguo. Lakini mwandishi wa mapenzi ya zamani anakopa kwa marehemu, na marehemu hawawezi kumdai. Anatakiwa ajidai mwenyewe.

Ninayo hadithi kwenye daftari, kurasa 40, ya wapenzi wawili wa enzi za ujana wa bibi. Juzi niliisoma upya. Nimeweka kibatari, nimeweka kanga, nimeweka mbalamwezi. Hakuna mahali mtu anapodaiwa kodi. Hakuna mahali mtu anaogopa kitu chochote zaidi ya kuachwa. Nilikuwa nimemvalisha bibi yangu enzi yake bila kumuuliza kama inamtosha.

Jumamosi naenda kwake na daftari jipya. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na habari nyingine anazisahau katikati ya sentensi. Dada anakuja pia. Tumekubaliana kwamba akianza kuongea kilugha hatumkatishi. Tutaandika sauti kama tunavyozisikia, maana tutaziuliza baadaye.