Kutoka 1952 hadi Hidaya: nani anakumbuka kimbunga Lindi?

Hebu jaribu jambo moja. Siku ukifika Lindi mjini au Kilwa Masoko, muulize kijana wa rika lako habari za kimbunga cha 1952. Usishangae akikujibu kwa swali: kimbunga gani tena?

Ni kile cha Aprili 1952, kilichoipiga Lindi na kuua watu zaidi ya 30. Ukitaka kingine cha kukilinganisha nacho, inabidi urudi nyuma miaka 80, hadi Aprili 1872. Mwaka huo, enzi za Sultani Barghash, kimbunga kilivunja meli bandarini Zanzibar na kung'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi.

Kwa nini ni adimu hivyo? Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, lakini kinahitaji pia msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, ili upepo uanze kuzunguka. Kwenye ikweta msukumo huo haupo, na unaongezeka kadiri unavyokwenda mbali nayo. Kilwa iko kama nyuzi 9 kusini, Lindi nyuzi 10. Tuko ukingoni: hatupigwi mara kwa mara, ila hatujasalimika.

Na hapo ndipo penye mtihani. Janga la kila mwaka linajifundisha lenyewe. Mvuvi wa Kilwa hahitaji semina kuhusu kusi. Lakini janga la mara moja katika vizazi viwili? Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1952 alikuwa na 82 ilipofika 2024. Kumbukumbu inazikwa na wenyewe. Kwa hiyo ni lazima taasisi ikumbuke kwa niaba yetu.

Tazama majina ya sheria zetu, yanasimulia safari nzima. Sheria ya 1990 ilihusu kuratibu misaada ya maafa. Yaani janga litokee kwanza, halafu tugawane mablanketi. Sheria ya 2015, na baada yake ya 2022, zinazungumzia usimamizi wa maafa: kuzuia, kujiandaa, kukabiliana na kurejesha hali. Zinataka pia kuwe na kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya mpaka kijijini na mtaani.

Kamati kwenye karatasi ni rahisi. Uwezo unatokana na mazoezi, na bahari ilitupa mawili bila malipo. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitishia Mtwara na Lindi, watu wakaambiwa wahame mabondeni, kisha kikatua Cabo Delgado, Msumbiji. Aprili 2021 Jobo kikaisha nguvu kabla ya kutufikia. Wengine walinung'unika: "Mbona hakikuja?" Mimi naona tofauti. Tahadhari ambayo haikutimia ni nafasi ya kujua nani hakupokea simu, boti ipi haikupata taarifa, na shule ipi ingefaa kuhifadhi watu.

Kisha kikaja Hidaya. Jina zuri, maana yake zawadi. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo, wavuvi wakahimizwa wasiingie baharini, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimama. Kilipofika karibu na Mafia tarehe 4 Mei, kilikuwa kimeanza kupungua nguvu. Upande wa tahadhari, tulikuwa mbali sana na 1952.

Ila mvua yake haikupungua. Maji yalikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, wilayani Kilwa, na kusini ikakaa siku kadhaa bila njia yake kuu. Aliyetaka kuzunguka ilimbidi apitie Songea na Makambako. Taarifa inasafiri kwa redio na simu. Mgonjwa, mafuta na unga vinapita barabarani. Ukijiandaa kwa upepo ukasahau makalavati, umejiandaa nusu.

Basi ndugu msomaji, kama unatoka pwani hii, nakuachia kazi mbili. Kaa na bibi au babu aliyeiona 1952, au aliyesimuliwa na wazazi wake, uandike anachokumbuka: maji yalifika wapi, watu walikimbilia wapi. Halafu nenda ofisi ya mtaa au kijiji, uliza kamati ya maafa ni akina nani na walikutana lini mara ya mwisho. Ukiona wanatazamana, umeshapata jibu.